Ratili Mia Mbili na Ishirini

Jumatatu, 8 Julai

Nimejiandikisha. Jina limeshabandikwa kwenye mlango wa maktaba, mji mzima wa Rauhala umelisoma. Triatloni, Jumamosi ya tarehe kumi Agosti. Kuogelea nusu maili, baiskeli maili kumi na tano, kukimbia maili tatu. Mimi, Verlin Kangas, miaka arobaini na saba, dereva wa gari la kusukuma theluji msimu wa baridi na mziba mashimo ya barabara msimu wa joto. Mtu ambaye hajashinda kitu tangu azaliwe.

Kwenye rafu ya sebuleni kuna vikombe vitatu vya mke wangu Carlene, vya mchezo wa kuvingirisha tufe. Upande wangu wa rafu kuna rimoti.

Sasa mpango. Katika kanuni za Bi Helmi Ojala, mwandaaji wa mashindano, kuna kundi linaitwa Farasi wa Mizigo. Ni la wanaume wenye ratili 220 na kuendelea, yaani kilo mia hivi. Hawa hawapangwi na wale wembamba wa rika lao. Wanashindana wao kwa wao. Na mwaka jana "wao kwa wao" ilikuwa mtu mmoja: Roddy Niskala, kaka yake Carlene, shemeji yangu. Alimaliza wa pili kutoka mwisho, akapewa kiatu cha farasi kilichopakwa rangi ya dhahabu. Amekipigilia juu ya mlango wake. Kila Jumapili tukienda kwake kunywa kahawa, napita chini ya kile chuma nikiwa nimeinamisha kichwa.

Mimi nina ratili 231. Kwa hiyo nimo. Wa kumshinda ni mmoja tu, naye huhema akifunga kamba za viatu.

Carlene ameuliza kulikoni. Nimemwambia ni afya. Akanibusu. Sikupenda kumdanganya, lakini busu nimelipokea.

Ijumaa, 12 Julai

Mbio za kwanza, kutoka nyumbani hadi mnara wa maji na kurudi. Maili nne. Tatizo ni kwamba huku kwetu mtu hatembei kwa miguu kando ya barabara kuu ila gari lake limekufa. Gari la kwanza lilisimama, dereva akauliza limeharibikia wapi. La pili lilisimama, wakanipa kidumu cha petroli na hawakutaka kunisikiliza. Nikakimbia na kidumu.

La tatu lilikuwa la Mchungaji Hokkanen, mtu mpana kuliko mimi na mwenye huruma nyingi. Aliuliza kama nyumbani kuna amani. Nikasema nafanya mazoezi. Akaangalia kidumu. Akasema, "Ndugu yangu, kama unamkimbia Carlene, fahamu kwamba akiniuliza ulikopita nitamwambia."

Nilipanda gari lake. Maili mbili kwa miguu, mbili kwa Mchungaji. Kwenye daftari la mazoezi nimeandika nne.

Ijumaa, 19 Julai

Balaa. Nimepanda mizani asubuhi: 226.

Ratili tano kwa siku kumi na moja! Nilishuka, nikapanda tena, nikaegemea ukuta kidogo. 226. Carlene alipiga makofi. Alisema uso wangu wa siku ya harusi unaanza kurudi. Nilitabasamu huku nikipiga hesabu kichwani. Nikiendelea hivi, siku ya mashindano nitakuwa 216, na nitatupwa kwenye kundi la wanaume wa miaka arobaini na tano hadi arobaini na tisa. Humo kuna daktari wa meno ambaye hufanya mazoezi kabla ya kazi na baada ya kazi. Humo kuna mwalimu wa kuteleza thelujini kwa ski. Humo mimi ni maiti.

Nikiacha mazoezi, Roddy ananishinda. Nikifanya mazoezi, nakonda na kufukuzwa. Hakuna mtu aliyewahi kubanwa hivi.

Uamuzi: mazoezi palepale, chakula juu. Nimeficha pai sita za nyama na viazi kwenye friji ya karakana, nyuma ya betri. Carlene amepika kabichi.

Jumapili, 28 Julai

Nimekula pai kumi na nne ndani ya siku tisa. Mizani: 223. Mwili umenisaliti. Nikiwa kijana nilinenepa kwa kunusa tu, leo namwaga chakula shimoni.

Lakini lazima niandike na hili, maana daftari ni langu. Jana nilikimbia hadi mnara wa maji na kurudi bila kusimama. Bila Mchungaji. Nilipofika kwenye kilima cha mwisho nilisubiri miguu ikatae, haikukataa. Ziwa lilionekana lote kule chini. Nilianza kucheka peke yangu barabarani, jitu zima, hadi gari likasimama kuuliza kama nahitaji msaada. Nilifurahi sana. Nilisahau kabisa kula pai ya saa nne.

Kosa hilo lisirudiwe.

Alhamisi, 1 Agosti

Habari kubwa. Nimemchunguza Roddy.

Nilikuwa nimekaa ndani ya lori la kaunti mbele ya mgahawa, nikijifanya nakagua shimo. Roddy alikuwa dirishani. Aliagiza nisu, ule mkate wetu wa iliki, mzima, siyo kipande. Akala. Akaagiza mwingine. Hakuwa na furaha. Alikula kama mtu anayejaza fomu.

Jioni Carlene akasema kaka yake ana mawazo, amepungua hadi 221 na hajui afanyeje. Ratili moja tu juu ya mstari! Nilikwenda chooni nikafunga mlango, nikafurahi humo.

Mizani rasmi ni Ijumaa ya tarehe tisa, saa kumi na moja jioni, kituo cha zimamoto. Saa tisa alasiri nitamwalika Roddy sauna kwangu, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke. Hakuna mtu wa huku anayekataa sauna. Ni kama kukataa salamu. Saa moja kwenye ule moto na jasho litambeba. Atapanda mizani akiwa na 218, na Farasi atabaki mmoja.

Mimi nitakaa benchi la chini, penye ubaridi, karibu na mlango, nikinywa maji kwa siri.

Ijumaa, 9 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi: 222. Mchana nikala pai mbili. Saa tisa kamili Roddy akafika, na fungu lake mwenyewe la matawi ya kujichapia mgongo ndani ya mvuke. Alikuwa na uchangamfu ambao ulipaswa kunitia shaka. Alisema, "Shemeji, leo tuupate moto wa kiume," akaenda moja kwa moja kukaa benchi la chini, karibu na mlango. Mahali pangu!

Nikapanda juu. Ningefanyaje? Ni nyumba yangu. Mwenye sauna hawezi kutoka kabla ya mgeni wake.

Roddy akamwaga maji kwenye mawe. Mvuke ukapanda, ukanikuta mimi. Nikamwambia kwa upole aje juu, huko chini hakuna sauna ya maana, hapo wanakaa watoto na Waswidi, watani wetu. Hilo lilimuuma. Akapanda. Tukakaa bega kwa bega, kila mmoja anamwaga maji kwa zamu, kila mmoja anamuuliza mwenzake kama anajisikia vizuri. Chupa yangu ya siri ilikuwa nyuma ya ndoo, futi tano kutoka kwangu, ikinitazama.

Dakika ya arobaini, Roddy akaanza kuongea. Joto hufanya hivyo. Akasema kile kiatu cha farasi kinamkera. Mwaka jana alipofika kwenye mstari wa kumalizia, walikuwa wameshaanza kukunja meza. Bi Helmi alimkabidhi kiatu mkononi huku amebeba kiti. Akasema, "Nilikipigilia juu ya mlango ili watu wadhani nimeshinda. Sasa ulipojiandikisha, Verlin, nilifurahi. Nikasema afadhali mwaka huu nina mtu."

Niliona haya. Kweli kabisa. Hali hiyo iliendelea kwa muda wa kumwaga kata moja ya maji. Kisha nikakumbuka kwamba ni yeye aliyekimbilia benchi la chini, nikamuuliza kwa nini. Akasema Carlene alimwambia mimi nimefika 222.

Kumbe alikuja kunikausha mimi.

Hapo hakuna aliyekubali kutoka. Tulikaa saa moja na robo. Carlene ndiye aliyetufungulia mlango, akasema, "Nyie wazee wawili, mnajipika kwa ajili ya nani?" Tulikwenda zimamoto kwenye gari lake, madirisha wazi.

Bi Helmi alikuwa mkutubi kwa miaka thelathini, na sijapata kusikia aliyesamehewa kitabu kilichochelewa. Roddy: 218. Mimi: 219 na nusu. Nikaomba nipande na viatu. Hapana. Nikaomba ninywe maji glasi moja tu nirudi. Akasema, "Bwana Kangas, aliyepima amepima," akapiga mstari kwenye majina yetu yote mawili kwa rula.

Kundi likabaki tupu kwa dakika tatu hivi. Kisha Mchungaji Hokkanen, aliyekuja kuuliza maji ya ziwa yataombewa saa ngapi, akaulizwa kama angependa kujaribu mizani. Ratili 268. Kaptula ataazima kwa mkuu wa zimamoto.

Nimekunywa jagi tatu na nitalala.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimemaliza mashindano. Naandika hilo kwanza.

Mvulana wa zimamoto, sijui mtoto wa nani, alinichora umri wangu kwenye shavu la mguu kwa kalamu ya wino mzito: 47. Kila anayekupita anajua uko rika gani. Walinipita kumi ndani ya maji. Baridi ilinibana mbavu hadi nikasahau kuogelea kunaanzaje, nikapiga maji kama mbwa, nikatoka hai. Kwenye baiskeli nilimpita mwalimu wa ski. Alikuwa anabadilisha tairi, lakini nilimpita.

Mbio sasa. Maili ya pili nikaona mgongo wa Roddy. Nilikuwa nimejiambia haina maana tena, kiatu kimekwenda, kwa nini nijiue. Miguu haikusikia. Nikamfikia pale kwenye kilima. Akanitazama, akasema, "Shemeji, umenikausha, hunipiti." Nikasema ndiyo kwanza naanza. Tukaondoka.

Sijawahi kukimbia hivyo. Watu wawili wa makamo, wanapigania nafasi ya thelathini na nane, wanahema kama mashine za kukata majani. Rauhala yote ilikuwa kando ya barabara. Wakaacha soseji zao wakaanza kupiga kelele, wengine Kangas, wengine Niskala, na Carlene, Mungu amsaidie, yote mawili. Tulivuka mstari pamoja. Bi Helmi aliikodolea macho picha muda mrefu, akatangaza kwamba tumbo langu lilivuka kabla ya tumbo la Roddy.

Thelathini na nane! Katika rika langu wa saba kati ya tisa. Roddy alinikumbatia, tukaanguka wote kwenye nyasi, hatukuweza kuinuka, na hatukutaka. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata mahali popote, na nilijiambia kwamba basi, inatosha, mtu hahitaji chuma juu ya mlango.

Mchungaji alifika mwisho kabisa, anatembea, anabariki watu pande zote. Amepewa kiatu cha farasi. Amesema atakitundika kanisani.

Jumapili, 11 Agosti

Haitoshi.

Nimekiona leo kanisani, kando ya mbao za namba za nyimbo. Kinang'aa mno. Sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Baada ya ibada nikamsaidia Bi Helmi kubeba masanduku yake, kwa wema tu. Ndani ya sanduku la mwisho kulikuwa na kiatu kingine cha farasi. Kipya, cha dhahabu, hakijaguswa. Nikauliza cha nani. Akasema kuna kundi la wanawake pia, la ratili 165 na kuendelea, na kwa miaka minne hakuna hata mmoja aliyejitokeza. Miaka minne! Mwanamke yeyote mwenye uzito huo, akimaliza mwakani hata kwa kutambaa, kinakwenda nyumbani kwake. Na nyumba hiyo ina mume.

Carlene ana nguvu. Anaogelea vizuri kuliko mimi. Baiskeli ipo. Linabaki swali moja dogo la ratili, na hilo huwezi kumuuliza mke wa miaka ishirini na mbili ya ndoa ukategemea chakula cha jioni.

Kwa hiyo sitamuuliza. Nimechukua mizani ya bafuni nikaiweka chini ya mkeka wa jikoni, mbele kabisa ya sinki, kioo chake kimechomoza nje kidogo. Atasimama hapo saa moja kuosha vyombo. Mimi nitakuwa nimelala sakafuni karibu na miguu yake, najinyoosha misuli kama mwanamichezo yeyote siku baada ya mashindano. Nimeuangalia mpango huu kila upande na sijaona mahali unapoweza kuharibika.

Ni saa moja kasoro dakika tano. Nasikia anafungua bomba. Nakwenda kulala chini.