Chupa Mia Tatu za Harusi ya Agape

Jumapili, 6 Julai 1997

Leo, saa tano na dakika kumi asubuhi, nyuma ya kanisa, nimepoteza harusi ya Agape. Si bibi harusi. Huyo ni mpwa wangu na yupo salama. Nimepoteza pombe ya harusi. Kamati imekaa, imepiga kura, saba kwa moja: komoni ya Otto, ndiye mimi, nje, bia ya chupa ndani. Kreti kumi na mbili. Hiyo kura moja ilikuwa yangu.

Naandika ili isije ikasemwa nilinyamaza. Miaka kumi na sita kilabu changu cha Majengo kimenywesha harusi zote za ukoo huu. Nilianza na pipa moja la kuazima. Sasa ninayo tisa. Mahindi ya Maposeni, kimea cha ulezi, siku tano, basi. Harusi ishirini na tatu. Malalamiko mawili, na moja ni la mtu aliyedumbukia pipani mwenyewe.

Mwenyekiti wa kamati ni Crispin. Mwenye stoo ya bia karibu na soko ni Crispin. Mtu mmoja, koti moja. Alishuka hapa Songea na basi la Njombe mwaka 1993 na begi la mkononi. Ameniambia nisichukulie vibaya, mzee wangu, ndiyo mambo ya soko huria. Wageni wanatoka Dar, na watu wa Dar hawanywi uji.

Uji! Dada yangu Walburga, mama wa bibi harusi, alikuwa anatazama viatu vyake.

Bia ya chupa ni kitu gani? Maji ya njano yenye povu. Ukiinua glasi unamwona jirani yako upande wa pili. Kinywaji kinachokuonyesha jirani kina nini ndani?

Nimeamua. Nitapika bia ya chupa mwenyewe na kuiweka meza kuu. Harusi ni tarehe 2 Agosti, siku ishirini na saba. Komoni ni siku tano. Zinabaki ishirini na mbili za kupumzika.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Watu wote uwanjani. Mimi nimekwenda Ruhuwiko kwa Mzee Sefu, aliyefanya kazi miaka ishirini na moja kwenye mitambo ya ubaridi ya kiwanda cha bia, akastaafu na kuhamia huku kwa wakwe zake. Nimempa shikamoo, nikamweleza shida yangu. Akasema kwanza nijue kwamba hajawahi kuonja hata tone, alhamdulillahi. Mwalimu wa kuogelea asiyeingia majini. Lakini ndiye aliyepo.

Amenieleza, nimeandika. Shayiri inaoteshwa kidogo, inakaushwa, inasagwa. Kama kimea chetu. Inalowekwa kwenye maji ya moto, nyuzi sitini na tano, ili wanga ugeuke sukari. Kama sisi, ila sisi tunapima kwa kiwiko. Kisha akasema wanaongeza mahindi.

Nikauliza, mahindi? Akasema mahindi, yametolewa kiini chenye mafuta, ili bia iwe nyepesi mdomoni.

Kumbe watu wa Dar wanakunywa uji uliochujwa. Nikasimama niende nikamwambie Crispin. Mzee Sefu akanishika shati, akasema kaa chini, bwana, hata nusu hatujafika. Ule uji unachujwa. Unachemshwa na maua machungu yanaitwa hopsi. Unapozwa haraka. Unatiwa chachu inayopenda baridi, nyuzi kumi, wiki nzima. Halafu bia inalazwa karibu na barafu, wiki tatu, wiki nne, haiguswi. Inachujwa tena, inatiwa gesi, inafungwa.

Nikajumlisha: siku thelathini na tano. Ninazo ishirini na sita. Nikamwambia hiyo ya kulaza ni anasa ya watu wenye nafasi, tutaipunguza. Akasema kulaza ndiyo bia yenyewe. Akasema komoni ikiharibika kidogo, kosa linajificha ndani ya uzito wake. Nyepesi haina pa kujificha. Kosa dogo linaonekana kama nzi kwenye maziwa. Ndiyo maana watu wanaoidharau hawajawahi kuipika.

Nikamuuliza asiyeonja anayajuaje hayo. Akasema miaka ishirini na moja alikuwa anawasikia wanaoonja wakigombana.

Amenipa kipimajoto chake. Kwa kuazima, amerudia mara tatu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepika. Shayiri sina, nimetia ulezi. Hopsi sina, nimetia mwarobaini, viganja vitatu. Chachu ya baridi sina, nimetia mashapo ya komoni na kuyaambia yavumilie.

Kuchuja nimetumia shuka jeupe nililolikuta kabatini. Lilikuwa zawadi ya Agape kutoka kwa shangazi zake. Suala hilo litazungumzwa baadaye.

Limezungumzwa sasa hivi. Paskalina mke wangu amesema miaka ishirini na miwili ya ndoa alidhani ameolewa na mpika pombe, kumbe ameolewa na mwizi wa mashuka. Amesema kesho anakwenda kwa mama yake Maposeni, na atarudi mimi nikiwa nimepata akili, au tarehe 24, chochote kitakachotangulia.

Lakini baridi ninayo. Alfajiri kipimajoto kimesoma nyuzi tisa. Kiwandani wananunua baridi kwa mitambo. Songea mwezi Julai Mungu anaigawa bure. Mzee Sefu amenikumbusha kwamba Mungu huyo huyo anaichukua saa tatu asubuhi. Nimemwambia nitafunika pipa na magunia yaliyoloweshwa. Huyu mzee anapenda kukatisha watu tamaa.

Jumapili, 20 Julai

Siku kumi zinatosha. Nimefunga chupa sitini. Chupa nimeziokota nyuma ya stoo ya Crispin, jambo ambalo limenifurahisha kuliko misa ya leo. Vizibo sina. Nimechonga vigunzi vya mahindi na kuvigonga kwa nyundo. Ili kupata gesi, Mzee Sefu alisema nusu kijiko cha sukari kila chupa. Nimetia viwili. Harusi si msiba.

Nimezipanga stoo ya nyuma, dirisha wazi, magunia mabichi juu yake. Mzee Sefu amekuja kukagua. Amechukua chupa moja, ameielekeza dirishani. Dirisha halikuonekana. Akairudisha taratibu, akasema inshallah. Sikupenda alivyolisema.

Ijumaa, 25 Julai

Saa tisa alasiri kamati imekuja kwangu kutafuta suluhu. Walburga kaleta maandazi. Crispin kaja na kofia mpya na shikamoo ndefu.

Sasa, Paskalina alirudi jana. Alikwenda stoo ya nyuma akakuta pombe ya watu inatetemeka kwa baridi, dirisha wazi, imefunikwa magunia mabichi kama maiti iliyoopolewa mtoni. Hakuuliza. Maisha yake yote, mwezi Julai, pombe inafunikwa blanketi na kuwekwa karibu na jiko, la sivyo haichachuki. Mama yake alifanya hivyo, bibi yake alifanya hivyo. Akazibeba chupa zote sitini jikoni, akazizungushia blanketi mbili, akachochea moto. Mke mwema. Sikuwa nimemwambia kwamba hii inataka baridi. Nilitaka ibaki siri ya kiufundi.

Jiko letu na sebule vinatazamana. Crispin alikuwa anasema hakuna chuki kati yetu, mzee wangu, ndipo kigunzi cha kwanza kikapita mlangoni na kuondoka na kofia yake. Cha pili kiligonga picha ya Bikira Maria, kikaomba radhi kwa kurudi nyuma na kuangukia chai. Baada ya hapo sikuhesabu kwa mpangilio. Jumla ni arobaini na saba kati ya sitini. Mweka hazina wa kamati aliruka nje kupitia dirishani. Crispin alilala kifudifudi chini ya meza na sahani ya maandazi kichwani.

Walburga alicheka mpaka akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tukiwa watoto. Alipopata pumzi akasema, kaka, pombe ni ya chupa, hilo limepita, lakini mjomba wa Agape ni wewe. Kwetu kinywaji hakinywewi mpaka mjomba aonje kwanza mbele ya watu, wajue ni salama. Sisi tunaita kutoa sumu. Akasema utaitoa wewe. Crispin, kutoka chini ya meza, akasema anakubali, anakubali kila kitu, moto uzimwe tu.

Katibu ameandika kwenye muhtasari. Nimemwomba asome tena, amesoma.

Chupa kumi na tatu zilizobaki: nimeonja moja. Sitaandika.

Jumapili, 3 Agosti

Kichwa changu ni ngoma ya lizombe. Lakini niandike kabla wengine hawajasimulia.

Jana, saa kumi jioni, mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba mjomba wa bibi harusi atatoa sumu. Crispin akaniletea chupa moja na glasi, anatabasamu. Nikaonja, nikaiweka. Nikaomba ya pili. Akasema imetosha, mzee, tuendelee na ratiba.

Nikachukua kipaza sauti. Nikauliza ukumbi mzima: pipa moja la komoni linaonjwa mara ngapi? Mara moja, wakasema. Kwa sababu ni pombe moja. Chupa ni nini? Ni pipa dogo lililofungwa peke yake, na mdomo wake. Nikionja hii, nani ananithibitishia ile? Wazee wa meza za mbele wakasema kweli kabisa. Shangazi yetu Fausta, ambaye hajakubaliana nami tangu uhuru, akasema leo mtoto kanena. Muhtasari ulikuwepo: hakinywewi kitu kabla mjomba hajaonja. Chupa mia tatu, mafunda mia tatu.

Naungama hapa tu. Nilitaka kumwaibisha Crispin. Mimi ni mpishi. Mahindi yale yale, moto ule ule, sijawahi kupata mapipa mawili yanayofanana. Moja litakuwa kali, moja limelegea. Nilijua katika mia tatu nitaikuta moja mbovu, na hiyo nitaiinua juu kama padri anavyoinua kikombe.

Ya tano ilikuwa kama ya kwanza. Ya kumi na mbili kama ya tano. Ya thelathini nilichukua ghafla kwenye kreti ya chini kabisa, Crispin akiwa ametazama kwingine. Ile ile. Ya arobaini nilisukutua maji kwanza. Ile ile. Nikaanza kuogopa. Nilikumbuka nzi kwenye maziwa. Nilimtafuta nzi kwa bidii zote, chupa sitini na moja, na hakuwepo.

Hapo nasikia nililia. Walburga anasema nilisimama na kipaza sauti nikatangaza kwamba bia hii si ya kunywewa, ni ya kuheshimiwa. Kwamba mtu anayeweza kurudia jambo moja mara sitini na moja, na akalifanya jepesi mpaka halina pa kuficha kosa, huyo si mhuni, huyo ni fundi. Nikamkumbatia Crispin, nikamwambia nimemsamehe. Akasema hakuipika yeye, yeye anaibeba tu. Nikamwambia hata punda wa Bethlehemu alibeba tu.

Haya yalichukua saa nzima na dakika ishirini. Wageni walikuwa na kiu. Nyuma ya ukumbi Paskalina alikuwa ameweka mapipa mawili ya komoni kwa ajili ya wapishi. Watu wa Dar walikwenda kuuliza maji, hawakurudi. Kufika saa moja mapipa yalikuwa yamelazwa ubavu, na bwana mmoja mwenye tai alikuwa anakwangua kwa kikombe. Agape alicheza na kata mkononi, shela limefungwa kiunoni, anawafundisha mawifi zake nyimbo za kilabu changu. Sijawahi kuona bibi harusi mwenye furaha namna ile. Kuhusu lile shuka, amesema alishasahau kwamba lilikuwepo.

Chupa mia mbili thelathini na tisa zimerudi stoo zikiwa na vizibo vyake.

Jumanne, 5 Agosti

Crispin amekuja asubuhi. Shikamoo fupi safari hii, ya mtu mwenye shida. Anataka nimletee komoni ya pipa, stoo yake, kila Ijumaa. Watu wameanza kuiulizia. Paskalina alikuwa nyuma yake ananikonyeza nikubali. Walburga naye ameagiza mapipa matatu kwa jubilei ya ndoa yake, tarehe 30.

Nimekataa. Nimewaambia hawajui wanachotaka. Mtu aliyeonja chupa sitini na moja hawezi kurudi kwenye pipa. Nitapika komoni nyepesi, safi, ya chupa, inayofanana ya kwanza hadi ya mia tatu. Mke wangu ameketi chini, amefunika uso kwa kanga. Nadhani ni furaha.

Mzee Sefu amekuja saa nane kuchukua kipimajoto chake. Nimemweleza mpango. Akasema ni wiki tano, Otto, wiki tano. Nimehesabu: siku tisa za kupika na kuchachusha, moja ya kulaza. Siku kumi, na hadi tarehe 30 chenji zinabaki. Vijiko viwili vya sukari vilikuwa sawa. Kosa lilikuwa vigunzi. Safari hii navifunga kwa waya. Akaondoka bila kuaga, na kipimajoto.

Nimemtumia barua, nainakili hapa. "Mzee Sefu, shikamoo. Mahindi tayari yapo motoni. Naomba jibu moja kwa moja: kipimajoto unaniazima au huniazimi? Ndiyo au hapana, kabla ya saa nne asubuhi, kesho Jumatano. Tafadhali usiniandikie inshallah."