Wachongaji Sita na Zamu ya Kupalilia

Jumatatu, 5 Machi 1951

Bwana Ahmednoor, tajiri wangu, ameniita ofisini, yaani nyuma ya magunia ya sukari. Mnunuzi wa Kisumu anataka visahani vya majivu ya sigara, mia tano, vya jiwe laini la kule Tabaka, vyote saizi moja. Tatizo ni wachongaji wenyewe. Kila mmoja anachonga kwake, siku anayotaka, kitu anachotaka. Ukiagiza kisahani unaletewa sanamu ya kiboko. Kwa hiyo Bwana anafungua karakana hapa Kisii mjini na anataka wachongaji sita waje kila siku, wawe watu wa kampuni. Wakitulia hadi Jumatatu ijayo, mimi Joash Ogari, karani, nitakuwa msimamizi. La sivyo atajaribiwa Abner wa stoo. Abner! Mtu anayekula ndizi ameketi juu ya mizani.

Nimemwambia Esnah kwamba kazi nimepata. Akauliza nimepata au nitapata. Mke wangu ana maswali mengi. Nimeshawatumia wakwe salamu kwamba mkwe wao ni msimamizi.

Jumanne, 6 Machi

Tabaka, kwa lori la kampuni. Mkubwa wa wachongaji ni Mogaka, mtu mpole, mikono myeupe kwa vumbi la mawe. Walinisikiliza wote sita, kisha Mogaka akasema hawataki kuandikwa kazi. Mtu aliyeandikwa haendi shambani kwake mvua ikinyesha.

Nikaona cheo kinaponyoka. Hapo akili ikanijia. Nikasema hii si kuandikwa, kampuni ni kama egesangio. Nani katika nchi hii hajui egesangio? Majirani wanaungana, leo wote wanalima kwa huyu, kesho wote kwa yule, mpaka zamu izunguke. Wakatazamana. Mogaka akauliza kama Bwana Ahmednoor naye yumo. Nikasema yeye ndiye wa kwanza. Wakakubali palepale. Nimerudi nikijipongeza njia nzima.

Jumatano, 7 Machi

Wamefika wote kabla ya saa mbili. Visahani arobaini na vitatu, vyote sawa. Kampuni imewapikia ugali na nyama, wamekula vizuri. Bwana amenipa funguo za karakana nizishike. Nimezitembeza sokoni mara mbili.

Jioni Mogaka aliniaga akisema tuonane kesho kwake. Nadhani amechoka.

Alhamisi, 8 Machi

Karakana tupu. Nimekimbilia Tabaka na hasira zangu. Wote sita wamo katika shamba la wimbi la Mogaka, wanapalilia. Pembeni majembe matatu yamelazwa chini, hayana watu, yametuwekewa sisi: langu, la Abner, na la Bwana Ahmednoor. Mogaka akaniuliza kwa upole wenzangu wako wapi. Akaeleza kwamba jana walifanya kwa Ahmednoor, leo ni kwake, kisha kwa wale watano, mmoja mmoja. Zamu ikizunguka watarudi karakana.

Nikasema nina homa. Akanipa pole, akasema basi watanisubiri kesho.

Kwa Bwana nimesema wachongaji wamefiwa. Nilidhani yataishia hapo. Amehuzunika sana. Kesho baada ya swala ya Ijumaa atakwenda mwenyewe kutoa rambirambi, na Abner atambebea sukari.

Ijumaa, 9 Machi

Nimetangulia asubuhi na vibarua wawili wapalilie badala yetu, shamba liishe kabla Bwana hajafika. Mogaka amewarudisha. Egesangio inamtaka mwenyewe.

Nikashika jembe. Sijapalilia tangu niingie shule ya misheni. Nikaenda mbio, nikawapita wote, nikaanza kujisifu. Ndipo Nyanchera, mke wa Mogaka, akanishika mkono. Nilikuwa nang'oa wimbi na kuacha magugu. Kipande kizima, ukubwa wa jiko lake. Yanafanana! Lakini mtu aliyelelewa kwa uji wa wimbi atasema nini? Wakainama kuokota miche niliyong'oa. Afadhali wangecheka. Nimeona aibu ambayo sijapata kuiona.

Saa nane lori likafika. Bwana akashuka na sukari, akauliza aliyefariki ni nani. Mogaka hakuelewa. Basi akaeleza yote, tangu Jumanne. Bwana akasema neno lililotoka kwa karani wake ni neno lake. Akakunja kanzu, akasema hajui wimbi, afundishwe. Nyanchera akamwonyesha mche mmoja mmoja. Abner akavua viatu na kupalilia mpaka jua likainama. Ile sukari ikanywewa kwenye chai.

Mimi nilipewa kazi ya kuchota maji. Nyanchera alisema maji siwezi kuyakosea.

Jumamosi, 10 Machi

Sabato. Wakwe wamenipongeza mlangoni pa kanisa, mbele ya watu. Nimepokea pongezi. Esnah alikuwa akitazama viatu vyake.

Jumatatu, 12 Machi

Wachongaji wamerudi. Wamepatana na Bwana: siku nne karakana, siku ya tano shamba la mmoja wao, na kampuni nzima inakwenda. Wameomba jambo moja tu, msimamizi awe Abner. Bwana hakubisha. Nimekabidhi funguo. Abner alizipokea bila hata kutabasamu, jambo lililoniuma zaidi.

Nilidhani nitafukuzwa. Bwana amesema nina mdomo mzuri, ila uwe na kituo. Kesho naenda Nyamira. Kuna wanawake saba wasusi wa vikapu, kila mmoja anasukia kwake, na Bwana anawataka wote chini ya kampuni. Nikiwaleta, nitawasimamia mimi.

Safari hii sitataja egesangio hata kidogo. Kosa lilikuwa kuchagua mfano wenye zamu. Nitawaambia kampuni ni kama ndoa: mtu anaingia, anatulia, haondoki ovyo. Hapo hakuna mtu atakayedai kupaliliwa shamba.

Nimemweleza Esnah. Ameuliza Bwana Ahmednoor ana ng'ombe wangapi, maana wanawake ni saba. Sijui ng'ombe wameingiaje hapa.