Kikopo cha Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu. Mheshimiwa analala kitandani kwangu. Shuka moja, mto mmoja. Mheshimiwa ni paka.

Leo Mama kaleta habari. Wifi, mke wa kaka, ni mjamzito, Jumamosi anahamia kwetu, na kliniki wamemwonya: choo cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vya kumdhuru mtoto tumboni. Shangazi akadakia kwamba yeye alisema tangu zamani, ila katika nyumba hii nani anamsikiliza. Uamuzi: nipeleke choo cha Mheshimiwa kwa daktari wa mifugo. Kikikutwa na minyoo, Mheshimiwa anahamia kwenye mashine ya kusaga unga, akakamate panya. Yeye! Ambaye akiona panya hupanda juu ya kabati!

Jumanne, 4 Machi

Nimekagua beseni lake la mchanga. Kitu cheupe, kama punje ya mchele. Kikasogea. Nimekwisha!

Ila akili ninayo. Paka wa fundi cherehani, jirani yetu, anakula samaki wa kuchemsha na kuogeshwa kwa sabuni ya mtoto. Choo chake lazima ni safi kuliko sahani zetu. Nikanyata hadi uani kwake na kikopo na kijiko. Nimeshachota, fundi huyo! Akauliza mwanangu natafuta nini. Nikasema kifungo. Akapiga magoti anisaidie. Nusu saa! Mwishowe akanipa kipya.

Jumatano, 5 Machi

Daktari katazama kwenye darubini, kisha akamwita msaidizi aje ajionee. Minyoo aina tatu! Akasema hajapata kuona paka mwenye wapangaji wengi hivyo.

Nyumbani, Shangazi ameshaandaa kapu la safari. Nikalia, nikakiri yote. Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaniburuta kwa fundi nimweleze kuhusu paka wake. Fundi akauliza: kumbe kile kifungo tulikuwa tunakitafutia nini?

Alhamisi, 6 Machi

Tumempeleka Mheshimiwa mwenyewe. Mnyoo ni aina moja tu. Daktari akampa kidonge, akasema minyoo hutibiwa, haihamishwi. Kumbe ningeuliza tu! Mheshimiwa anabaki, kwa masharti: beseni nilisafishe mimi kila siku, kwa glavu, Wifi asiliguse kabisa. Mikono kwa sabuni. Paka asikanyage chumba cha kulala.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi kafika. Nimeapa masharti yote mbele yake, na beseni linang'aa. Shangazi kaninusa mikono, kaenda kupakua chakula.

Sasa wako sebuleni wanakula. Mlango nimefunga. Mheshimiwa katoka kwenye beseni moja kwa moja hadi chini ya shuka. Doa hili kwenye ukurasa si wino, ni mguu wake. Kwa Wifi nitanawa mara kumi. Lakini huku ni kwangu, na nikifikiria neno nimezoea kutafuna kalamu, hata kama kailamba yeye kwanza.

Tumbo linanikata kidogo. Labda ni maharage.

Daftari, tafadhali. Shangazi akikufungua, jifanye la hesabu.