Babu na Sauti ya Mwalimu

Jumatatu, 4 Machi
Nimejiandikisha mtihani wa Jumamosi. Ukifaulu, unaruhusiwa kupanda farasi njia ya mlimani. Ukifeli, unaendelea kuzunguka ndani ya uzio na watoto wa miaka minane. Mmoja wao ameniuliza nimerudia darasa mara ngapi. Shemeji, kaka wa mke wangu, naye kajiandikisha. Alianza baada yangu, na tayari anakaa kwenye tandiko utadhani kazaliwa juu yake. Na baba mkwe atakuja kutazama! Nitafaulu. Liwalo na liwe.

Jumanne, 5 Machi
Mazoezi nyumbani. Mkono wa kochi ndio farasi, mkanda wa suruali ndio hatamu. Visigino chini, mgongo wima, macho mbele. Dakika ishirini bila kuanguka! Mke wangu alipita na ndoo ya nguo, akasema hajawahi kusikia kochi limemwangusha mtu. Wivu tu.

Jumatano, 6 Machi
Niseme ukweli: naogopa. Farasi wangu ni mzee mpole, tunamwita Babu. Leo alipiga chafya, nikamkumbatia shingo. Mwalimu akasema niache kuning'inia kwenye hatamu, nimguse kwa miguu na nimwamini. Shemeji akapita mbio, akanipungia mkono. Majivuno hayo!

Alhamisi, 7 Machi
Nimegundua siri! Farasi hawa hawatusikilizi sisi hata kidogo. Mwalimu akisema, "Haya, twende," wote wanaondoka. Akisema, "Polepole," wote wanapunguza mwendo. Kumbe sisi ni mizigo! Na siku ya mtihani mwalimu haruhusiwi kufungua mdomo. Shemeji atakwama hapo hapo. Mimi nitasema mwenyewe, kwa sauti ya mwalimu, nzito na yenye kukwaruza. Kwa furaha nilipiga mizunguko mitatu bila hata kukumbuka kuogopa. Mwalimu alinieleza kitu kirefu kuhusu miguu yangu, kwamba leo nimepanda vizuri kuliko siku zote. Sikuyashika maneno. Nilikuwa naisoma sauti.

Ijumaa, 8 Machi
Mazoezi ya sauti bafuni. Mke wangu aligonga mlango, akauliza ni mwanamume gani yumo humo na mume wake. Niko tayari!

Jumamosi, 9 Machi
Tulipangwa mstari mmoja. Baba mkwe kwenye uzio, mtahini na karatasi zake. Nikaitwa wa kwanza. Nikanong'ona, "Haya, twende." Babu kimya. Nikapaza sauti. Farasi wengine wanne wakaondoka kwa pamoja! Shemeji alikuwa anafunga kamba ya kofia kwa mikono yote miwili. Akabaki nyuma, ameketi kwenye matope. Babu hakusogeza hata ukwato.

Mwalimu alikuja kunishusha. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Babu hasikii kitu, mwaka wa pili huu," aliniambia. "Juzi ulimwendesha wewe mwenyewe, kwa miguu yako."

Shemeji alipewa nafasi nyingine, akafaulu na matope yake. Baba mkwe akampiga picha. Mimi nimefeli. Nilikaribia kulia, sifichi.

Jumapili, 10 Machi
Nimeshinda kutwa nikiyapima maneno ya mwalimu, mpaka nimemwelewa. Tatizo ni masikio ya Babu. Mtihani mwingine ni baada ya wiki sita. Nimeshaomba farasi anayesikia.