Uzinduzi wa Mfereji wa Warumi

Jumatano, 8 Oktoba 2025. Mashambani, Italia.

Aibu! Tumesafirishwa kutoka Homa Bay hadi Ulaya kuonyeshwa mradi uliokwama.

Parokia rafiki ndiyo iliyotualika: mimi na Milka wa kamati ya maji ya kijiji, na Padri Levi anayejua Kiitaliano. Leo tumepelekwa kuona mfereji wa kale uliojengwa juu ya matao ya mawe, mrefu kwenda juu kuliko ghorofa, unakatiza mashamba ya zabibu mpaka macho yachoke. Nikapanda kilima kuchungulia ndani. Mkavu! Tone hakuna. Nikauliza, kupitia kwa Padri, mkandarasi ni nani na kwa nini hajashtakiwa. Padri akasema ni kazi ya Warumi, miaka elfu mbili iliyopita. Hiyo si sababu. Hata mradi wetu karibu na Rodi Kopany, wenye mabomba matupu, una kibao chenye jina la mkandarasi. Wenyeji wakapiga makofi. Sijui Padri aliwatafsiria nini.

Milka alikuwa anapiga picha za maua.

Alhamisi, 9 Oktoba.

Nimeamka na wazo. Wiki ijayo, Jumapili, kijiji kinachagua mwenyekiti wa kamati ya maji. Ni mimi au Milka. Nimekuwa makamu chini ya wenyeviti watatu, na nikishindwa tena nitazikwa makamu. Roho inaniuma kwelikweli.

Sasa, kwetu mtu hakumbukwi kwa maji. Hukumbukwa kwa uzinduzi. Mgeni rasmi hukata utepe, hufungua bomba lililojazwa na lori la maji asubuhi hiyohiyo, hupigwa picha. Bomba hukauka kabla wiki haijaisha, lakini picha hubaki ukutani kwa chifu.

Basi huu nitauzindua mimi!

Ijumaa, 10 Oktoba.

Utepe: kamba nyekundu ya pazia la chumbani kwangu. Mkasi: wa kucha. Nikaifunga kamba kwenye vichaka viwili chini ya tao. Mwendesha baiskeli mmoja akanipiga picha nikiikata, uso nimeukaza kama waziri. Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji: Baba Oliver azindua mradi mkubwa wa maji.

Kisha fujo. Mama mwenyeji alikuta pazia limelegea na kamba vipande viwili, akafoka mpaka chakula kikapoa. Kamba ya pazia! Mtu ana mfereji mkavu nchi nzima, halafu ananililia kamba! Padri Levi akaomba msamaha kwa niaba yangu, tena kwa muda mrefu kuliko mahubiri yake. Sikumtuma.

Milka ameandika kundini kunipa hongera kwa kuzindua mradi wangu. Maskini, ameshakubali kushindwa.

Jumapili, 19 Oktoba. Nyumbani.

Nimeshindwa! Mchana peupe, kwenye uwanja wa kanisa, na aliyenimaliza ni mke wangu Trizah!

Nilianza vizuri. Niliinua simu kila mtu aone picha. Cephas, jirani yangu, akauliza kama mradi ule ni wangu kweli. Nikasema ni wangu, nimeuzindua kwa mkono huu. Ndipo Trizah akasimama, mtungi wa maji miguuni, maana alikuwa ametoka mtoni moja kwa moja. Akasema kwa heshima zote:

"Huyu Baba Oliver ako na mradi yake huko Italia. Ni kubwa, sote tumeona. Hii yetu kidogo, wacha tupee Milka."

Wakaangua kicheko. Wakamwinulia Milka mikono, wote, hata Oliver, damu yangu mwenyewe. Njiani Trizah akanieleza polepole kwamba miguu yake imechoka na njia ya mtoni, na kwamba hawezi kuteka maji kwenye picha.

Lakini nimekaa, nimetafakari. Kijiji kizima kimekiri hadharani kwamba mfereji ule ni wangu. Sasa mbona Waitaliano hawajaniletea hata ripoti? Nani anausimamia nikiwa huku? Kesho nakwenda kwa Padri Levi aniandikie barua kali.

Nitatia sahihi kama mwenyekiti.