Baba Mkubwa wa Miaka Ishirini na Saba

Jumatatu, 4 Machi
Kosa la wengi ni kuandika baruapepe yote kwanza, kisha ndipo wafikirie wamwiteje mpokeaji. Anza na jina! Habari itajipanga yenyewe.

Nieleze. Katika ukoo wetu wa Hoàng, hapa mjini Huế, umri si kitu; tawi ndilo kila kitu. Khải ana miaka ishirini na saba, anatengeneza simu, lakini ametoka tawi kubwa, kizazi kimoja na marehemu baba yangu. Kwa hiyo mimi, mwalimu mstaafu mwenye mvi, namwita Baba Mkubwa. Na ndiye atakayeteua wa kuwasha udi wa kwanza siku ya mababu, Jumapili. Lazima niwe mimi! Si Lực mfuga bata.

Jumanne, 5 Machi
Nimetuma barua tatu, kila mtu na asali yake. Khải: "Baba Mkubwa Mtukufu, mwanao nakuinamia." Shangazi Thoa, dada wa mwisho wa baba, anayechukia uzee: "Dada mpendwa." Lực: "Mdogo wangu." Kweli, baba yake ni kaka mkubwa wa baba yangu, kwa hiyo kiukoo ni kaka. Lakini nimemzidi mwaka mzima! Akae chini.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Khải kapiga simu. Barua aliifungua mbele ya Vy, mchumba wake. Vy akauliza, kumbe anaolewa na babu wa watu? Tangu jana hamsemeshi.

Shangazi kaja mwenyewe, mikono ina unga wa mchele. "Mimi dada yako? Kwa hiyo kaka yangu ndiye aliyenizaa? Unikome!" Nikaanza kumfafanulia. Akaondoka.

Lực kimya. Amenywea!

Jumapili, 10 Machi
Hakunywea. Kumbe alikwenda dukani kwa Khải, akamuuliza mbele ya Vy angependa aitweje. Khải akasema aitwe Khải tu. Ya Baba Mkubwa yangoje siku ya mababu. Vy akacheka, wakapatana.

Leo Lực ndiye aliyewasha udi. Mimi nilisimama nyuma, mlangoni, karibu na viatu vilivyovuliwa. Alipopita akaniuliza, "Vipi, mdogo wangu, moshi haukuumizi macho?"

Jumatatu, 11 Machi
Kosa nimeligundua! Sikumwandikia Vy. Wanaoana mwezi ujao, na mwakani Khải atamsikiliza yeye. Ana miaka ishirini na minne, lakini kanuni haina utata. Fungua kompyuta leo, kabla ya chai, uandike: "Mama Mkubwa Mtukufu."