Punda Aliyepoteza Milia

Cherehani ya Lenah ilikuwa kwa Kiragu, Kawangware, na Lenah alikuwa anarudi kutoka Busia Jumamosi. Hiyo ndiyo shida. Wabwire, mume wake, ndiye aliyeipeleka huko kama dhamana ya mkopo. Mkopo akautia kwenye biashara ya vifaranga. Vifaranga wakafa, mwenye biashara akahama. Tangu siku hiyo Wabwire aliapa kwamba kama kuna kutapeliwa tena, yeye atakuwa upande ule mwingine.

Mdomo alikuwa nao. Gatwekera yote, mtaa wao kule Kibera, ilijua kwamba Wabwire angeweza kukuuzia kivuli chako, na ukamshukuru kwa kukupimia vizuri.

Alhamisi asubuhi alikuwa anakunywa chai kwenye kibanda cha chapati karibu na stegi ya matatu, akiifikiria Jumamosi, alipofika mwanamke mwenye begi la mgongoni kubwa kama mtoto wa darasa la tatu. Alikuwa na kofia, raba zilizochoka, na chupa ya maji inayoning'inia.

"Kaka," akamwambia muuza chapati, "pale wanapolea wanyama yatima, mtu anafika aje na gari za kawaida? Mimi nazunguka Kenya yote na matatu. Teksi sitaki."

"Wanyama yatima?" muuza chapati akageuza chapati. "Sista, hapa hata sisi ni yatima."

Wabwire akameza chai yote mara moja, ikamchoma, hakujali.

"Niaje, sista. Hapo unapouliza ni pa watalii. Unalipa, unasimama mbali, unaona masikio, unaambiwa muda umeisha. Sisi tuko na yetu, ya wananchi. Iko Kabiro, Kawangware. Mnyama unamshika na mkono wako."

"Wanyama wa porini? Kawangware?"

"Yatima hachagui mtaa."

Mwanamke alimtazama kwa macho makubwa ya mtu anayeamini. Akasema anaitwa Nzembi, ametoka Kitui, na tangu utotoni wanyama wasio na mama humliza. Wabwire akamwambia kwamba yeye ndiye mkurugenzi, na mkurugenzi hawezi kuona mgeni akibeba mzigo. Akalichukua begi. Bega lake la kulia likashuka kama mlango uliokatika bawaba.

"Pole, ni kamera zangu," Nzembi akasema. "Ni nyingi."

Bega lililia lakini moyo uliimba. Mtu mwenye kamera za uzito huo, kiingilio chake si cha mwananchi.

Akaliweka begi chini, akasogea kando na kumpigia Kiragu. Kiragu alikuwa mwenyeji wa Kabiro, mwenye ploti tatu za kupangisha na shati moja.

"Mzee Kiragu, punda wako yuko?"

"Yuko. Unamnunua?"

"Nataka awe yatima mpaka jioni. Kuna mgeni analipa kuona wanyama. Tunagawana nusu kwa nusu, na nusu yangu inatoa cherehani."

"Na mimi niko wapi kwa hiyo maneno?"

"Wewe ni mwenyekiti."

Kiragu hakuwahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Kanisani walimpa kushika kikapu Jumapili moja, na Jumapili iliyofuata wakampa mtu mwingine.

"Nivae koti?"

"Vaa koti, mzee."

Walibadilisha gari Ngong Road. Nauli zote alilipa Wabwire, kwa sababu Nzembi alikuwa na noti kubwa tupu na hakutaka kusumbua makondakta. Mtu muungwana hivyo, Wabwire aliwaza, ni dhambi kumwacha apite bila kumla.

Kiragu aliwangoja langoni na koti la harusi yake. Uani palikuwa na punda wa kuvuta mkokoteni wa maji, bata mzinga, na mbwa mwenye sikio moja. Wapangaji walikuwa wanaanika nguo.

"Huyu," Wabwire akaanza, mkono juu ya punda, "alikuwa punda milia. Mama yake aliliwa na simba mbele ya macho yake. Milia ikamtoka kwa majonzi, mstari mmoja mmoja."

Punda akapiga chafya.

"Bado inamuuma," Wabwire akasema.

"Na huyu mwenye shingo nyekundu?"

"Mbuni. Hajakomaa."

"Na huyu? Si huyu ni mbwa?"

"Watu wengi husema hivyo," mwenyekiti akajibu, kwa sababu koti lilikuwa limempanda kichwani. "Ni fisi. Ameokoka. Nyama hali."

Mbwa wakati huo alikuwa anatafuna mfupa, lakini alikuwa na adabu ya kuwapa mgongo.

Nzembi akakaa chini palepale kwenye matope na kulia. Hakulia kwa leso. Alilia kama msibani, kwa sauti, huku amemkumbatia punda shingoni. Wapangaji wakaacha nguo. Majirani wakachungulia juu ya mabati. Wazee wawili wa kanisa waliokuwa wanapita wakavua kofia na kuingia kuuliza nani amekufa.

"Wazee wangu," Nzembi akasimama, machozi yanamtiririka, "hawa wanaume wawili wanalea yatima kimyakimya, bila kusaidiwa, na nyinyi mko hapa tu? Leteni karai. Tufanye harambee sasa hivi!"

Wabwire akataka kusema kwamba kiingilio kinatosha. Karai lilikuwa limeshafika. Watu wetu unaweza kuwaficha chochote, lakini ukitaja harambee, karai hutokea lenyewe.

"Na kama mila ilivyo," Nzembi akaendelea, "mwenye shughuli hutangulia. Mwenyekiti!"

Macho yote yakamgeukia Kiragu. Akamvuta Wabwire kando.

"Sema ni uongo."

"Sema wewe. Si wewe ndiye mwenyekiti?"

"Mbele ya wapangaji wangu? Na wazee wa kanisa? Ngai!"

Lakini mtu hapati ploti tatu kwa kukosa akili. Kiragu akaingia ndani, akatoka amebeba kitu mikononi, jasho likimtoka kwa ukarimu.

"Mimi na mkurugenzi," akatangaza, "tunatoa cherehani hii!"

Makofi yakapigwa. Mzee mmoja akasema amina. Wabwire alifungua mdomo, ule mdomo maarufu wa Gatwekera, na kwa mara ya kwanza haukuwa na kitu ndani. Angesema nini? Kwamba si yatima? Kwamba si harambee?

Wakaanza na bata mzinga. Katika mnada wa harambee, mtu akinunua kitu hukirudisha kiuzwe tena, ili karai lijae na jina lake lisikike. Kiragu alimnunua bata wake mwenyewe, akamrudisha kwa heshima. Mzee wa kanisa akapanda dau juu yake, naye akarudisha. Kiragu, koti likimsukuma, akamnunua mara ya pili. Kisha ikaja cherehani. Akainunua Risper, fundi wa nguo wa chumba cha mwisho, kwa bei ambayo hata mwizi angeona haya kuitaja.

"Asante dada, sasa irudishe tuiuze tena," Wabwire akamwambia haraka.

"Nirudishe kwani ni bata?" Risper akaibeba kifuani. "Mimi ni fundi."

"Na mkurugenzi mwenyewe?" Nzembi akauliza kwa upole. "Yake hasa, ya kutoka moyoni?"

Wabwire mfukoni hakuwa na kitu, nauli ilikuwa imekula chote. Akavua viatu vyake vya Jumapili. Vilimtosha mpangaji mmoja aitwaye Maurice, ambaye alivivaa palepale na kuzunguka uani mara mbili kuvijaribu.

Nzembi akamimina yaliyomo kwenye karai ndani ya mfuko wake wa kiunoni, akajifuta macho.

"Naenda hapo kwa duka la dawa za mifugo, nirudi na dawa na nyasi. Begi langu na kamera zote naacha kwa mkurugenzi. Nakuamini, kaka."

Hapo ndipo mdomo ulipomrudia Wabwire.

"Duka la karibu wana dawa mbaya," akasema. "Nenda lile la mbali, sista. Na usiharakishe."

"Pole pole kabisa," Kiragu akaongeza.

Aliondoka akiwapungia mkono. Wawili hao wakalikalia begi, kila mmoja upande wake, kwa sababu hakuna aliyemwamini mwenzake. Alipokata kona, mikono minne ikafika kwenye zipu kwa pamoja.

Ndani mlikuwa na blanketi kuukuu. Ndani ya blanketi mlikuwa na vipande vya mawe ya kujengea.

Kiragu alikigeuza kimoja mkononi kwa muda mrefu.

"Hii ni jiwe nzuri," akasema mwishowe, maana alikuwa mtu wa ploti. Akachukua yote.

Wabwire alirudi Kibera kwa miguu, na njiani ndipo alipokumbuka kwamba pale kibandani mwanamke yule aliuliza njia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na alikuwa amemtazama yeye kabla ya kuuliza.

Jumamosi Lenah alishuka na mzigo wake wa mihogo, akaona pembe tupu ya nyumba. Akasikiliza yote akiwa amesimama.

"Yaani cherehani yangu imeenda kwa sababu ya punda?"

"Punda milia," Wabwire akasema, kwa mazoea.

Lenah alikwenda Kabiro mwenyewe. Ploti nzima ilimwambia kwamba imeuzwa mbele ya watu, na makofi yakapigwa. Siku hizi anashona kwa Risper kama kibarua, kwenye cherehani yake mwenyewe, na Wabwire humbebea vitambaa kwenda na kurudi, kwa bega la kushoto.

Basi shughuli hiyo ilimgharimu hivi: cherehani, ya mke. Viatu vya Jumapili, ambavyo hukutana navyo Kabiro mara kwa mara vikiwa na Maurice. Nauli ya watu wawili. Bega la kulia. Na upande mzuri wa kitanda, maana sasa analala ule wa ukutani, pale mabati yanapovuja.